Asili ya Neno "Mwebrania": Pamoja na Ulinganisho wa Jina la Wadorobo wa Bonde la Ufa

Madhumuni ya makala haya ni kuchunguza maana na asili ya neno "Mwebrania", na kuonyesha kwamba historia ya neno hilo huwa nyepesi zaidi kueleweka ikiwekwa kando ya historia ya jina moja la huku kwetu, yaani "Mdorobo", ambalo kwa muda mrefu lilitumiwa kuwataja wakazi wa misitu ya Mau, kusini-magharibi ya mji wa Nakuru. Ieleweke tangu mwanzo kwamba hatudai udugu wowote baina ya watu wenyewe, wala kufanana kwa sauti za majina yao. Tunalolinganisha ni mwenendo wa neno: jinsi neno linalotaja hali ya maisha, likitamkwa na jirani, linavyogeuka polepole kuwa jina la watu, na jinsi watu hao hatimaye wanavyolipokea au kulikataa.

Msomaji wa Kiswahili hukutana na majina matatu ambayo mara nyingi huyachukua kuwa kitu kimoja: Mwisraeli, Myahudi na Mwebrania. Makanisani na madarasani, Nakuru kama kwingineko, hayo matatu hubadilishana nafasi bila mtu kushtuka. Hata hivyo hayakuwa sawa hapo kale. "Israeli" ndilo jina ambalo watu hao walijiita wenyewe, na katika Biblia ya Kiebrania hutokea zaidi ya mara 2,500. "Myahudi" ni mtu wa Yuda, kwanza wa kabila hilo na ufalme wake, kisha wa taifa na dini nzima baada ya uhamisho wa Babeli. "Mwebrania", kwa lugha yenyewe ʿibri, hutokea mara 34 hivi tu. Uchache huo peke yake watosha kumfanya mwanafunzi wa lugha aulize: jina la watu lingewezaje kuwa adimu kiasi hiki katika vitabu vya watu hao hao?

Tuanze na umbo la neno. Kiswahili kimelipata kwa njia ya Kiarabu, ʿibrani, na hasa umbo la kike ʿibraniya ambalo Waarabu hulitumia kwa jina la lugha. Ndiyo sababu sisi tuna "-ania" mwishoni. Sauti ya kooni iitwayo ʿain, ambayo huanza neno hilo katika Kiarabu na katika Kiebrania, imedondoka, kama ilivyodondoka katika "asali", "akili" na "elimu". Tena "elimu", ambalo kwa Kiarabu ni ʿilm, latuonyesha pia jinsi irabu i iliyofuata ʿain inavyoweza kuwa e kinywani mwa Mswahili. Kwa hiyo umbo "Ebrania" halina ajabu. Limefuata njia iliyokwisha kanyagwa na wenzake.

Mzizi wa neno ni konsonanti tatu, ʿ-b-r, na maana yake katika lugha zote mbili ni kuvuka, kupita kutoka upande mmoja hadi upande wa pili. Mzizi huu si mgeni kwetu hata kidogo. Kutoka kwake tumepata "kuabiri", yaani kusafiri kwa chombo, tumepata "abiria", tumepata "kutabiri", ambalo asili yake ni kufasiri ndoto, yaani kuivusha ndoto kutoka upande wa picha hadi upande wa maana, tumepata pia "ibara" na "itibari". Abiria anayengoja basi katika kituo cha Nakuru na Abramu Mwebrania wanachangia mzizi mmoja. Wala haifai kusema kwamba "Mwebrania" limezaliwa na "abiria", au kinyume chake. Ni maneno ya ukoo mmoja yaliyofika kwetu kila moja kwa njia yake.

Wafasiri wa kale hawakukubaliana kuhusu maana ya jina hili, na kutokubaliana kwao kumehifadhiwa vizuri. Katika kitabu cha marabi kiitwacho Bereshit Rabba, mahali panapoelezwa kwa nini Abramu anaitwa Mwebrania, kuna maoni matatu. Rabi Yehuda alisema kwamba ulimwengu mzima ulikuwa upande mmoja na Abramu upande wa pili. Rabi Nehemia alisema kwamba Abramu alikuwa mzao wa Eberi. Wenye hekima wengine wakasema kwamba alitoka ng'ambo ya mto, yaani Mto Frati, na kwamba alisema lugha ya Kiebrania.

Maoni ya Rabi Nehemia yana nguvu ya nasaba. Kitabu cha Mwanzo kinamtaja Eberi miongoni mwa mababu wa Abramu, vizazi sita kabla yake. Lakini nasaba hiyo yaleta taabu yake. Eberi alikuwa na wana wawili, Pelegi na Yoktani, na kutoka kwa Yoktani zinahesabiwa koo nyingi za Uarabuni. Kama kila mzao wa Eberi ni Mwebrania, basi jina lingewahusu watu wengi ambao hakuna popote wanapoitwa hivyo. Inaelekea kwamba Eberi aliwekwa katika nasaba ili kulieleza jina lililokwisha kuwapo; na sisi tunaojua jinsi masimulizi ya koo zetu yanavyompata babu mwenye jina la kabila hatuna sababu ya kustaajabu.

Maoni ya "ng'ambo" ndiyo yaliyowavutia wafasiri wa kwanza wa Kiyunani. Katika tafsiri ya Septuaginta, Abramu katika sura ya 14 ya Mwanzo haitwi kwa jina la watu. Anaitwa mtu aliyetoka upande wa pili, mvukaji. Hapa Kiswahili kina bahati ya kuwa na neno linalolingana kabisa na ʿeber la Kiebrania, yaani "ng'ambo". Tulitazame neno hili kidogo. Ng'ambo hakuna mtu anayeishi kwa macho yake mwenyewe. Ng'ambo ni neno la aliyesimama upande huu akitazama ule. Huko Unguja, mtaa mkubwa uliokuwa upande wa pili wa hori, nje ya Mji Mkongwe, uliitwa Ng'ambo, na waliokaa humo kwa wingi walikuwa watu wa hali ya chini, wakiwamo waliotoka utumwani. Jina lile lilitoka Mji Mkongwe. Wenyewe wa Ng'ambo walipolitumia walikuwa wamekubali, kwa ajili ya mazungumzo tu, kujitazama kutoka upande wa pili wa maji.

Kwa hiyo, ikiwa "Mwebrania" maana yake ni mtu wa ng'ambo, swali la muhimu si ng'ambo ya mto gani, bali ni nani aliyekuwa akisema. Na hapo Biblia yenyewe hutoa ushahidi ulio wazi. Tukizikusanya zile mara 34, tunaona kwamba nyingi zimo katika vinywa vya wageni au katika maneno ya Waisraeli wakisema na wageni. Mke wa Potifa, akimshtaki Yusufu, anamwita Mwebrania, na mtu asikiaye anatambua dharau iliyomo. Mnyweshaji wa Farao anamtaja Yusufu kwa jina hilo hilo, pamoja na kusema kwamba ni kijana na ni mtumishi. Binti wa Farao anamtambua mtoto ndani ya kisafina kuwa wa Waebrania. Wafilisti katika vitabu vya Samweli hawasemi karibu neno jingine wanapowataja adui zao. Yona, akiulizwa na mabaharia ametoka wapi, anajitaja kuwa Mwebrania, kwa kuwa hilo ndilo jina ambalo mabaharia wangelielewa.

Kuna mahali pengine pawili panaposema zaidi. Sheria za Kutoka, sura ya 21, zinahusu mtumwa wa Kiebrania anayetumika miaka 6 na kuachwa huru mwaka wa 7. Hapo neno linakaa karibu sana na hali ya utumishi. Na katika Samweli wa Kwanza, sura ya 14, kuna Waebrania waliokuwa upande wa Wafilisti ambao vita vilipogeuka walijiunga na Waisraeli. Kama Mwebrania na Mwisraeli wangekuwa kitu kimoja, habari hiyo isingekuwa na maana. Ni dhahiri kwamba mwandishi alijua kundi la watu walioitwa Waebrania ambao hawakuwa bado Waisraeli, au hawakuwa tena.

Jambo hili lilipata mwanga mpya mwaka 1887, wakati mabamba ya udongo yenye maandishi ya umbo la kabari yalipogunduliwa Amarna, nchini Misri. Mengi yalikuwa barua za karne ya 14 K.K. ambazo watawala wadogo wa Kanaani walimwandikia Farao kwa Kiakadi. Katika barua hizo watu waitwao Habiru wanatajwa mara kwa mara, na kwa kawaida hawatajwi kwa wema. Abdi-Heba, mtawala wa Yerusalemu, alilalamika kwamba Habiru wanaiteka nchi ya mfalme. Rib-Hadda wa Bibli alilia kwamba miji inamwacha na kujiunga nao. Wataalamu wa mwisho wa karne ya 19 waliposoma "Habiru" na "Yerusalemu" katika barua moja, wengi walidhani wamewaona Waebrania wakiingia Kanaani pamoja na Yoshua.

Utafiti uliofuata ulipunguza furaha hiyo. Habiru walionekana pia katika maandishi ya Mesopotamia, ya Anatolia, ya Nuzi na ya Alalakh, kwa muda wa karne nyingi, katika nchi ambazo hakuna Mwisraeli aliyefika. Majina yao binafsi yalikuwa ya lugha mbalimbali. Huko Nuzi walikuwa watu waliojiweka chini ya mabwana kwa mapatano ili wapate chakula na nguo. Kwingine walikuwa askari wa kukodiwa, kwingine vibarua, kwingine wanyang'anyi. Moshe Greenberg, aliyekusanya ushahidi huo katika kitabu chake cha 1955, alionyesha kwamba hawakuwa kabila bali aina ya watu: watu waliotoka mahali pao, wasio na ardhi wala ukoo wa kuwalinda katika nchi waliyomo. Mtu aliweza kuwa Habiru, na aliweza kuacha kuwa Habiru. Idrimi, mwana wa mfalme aliyekimbia mji wa baba yake, alieleza katika maandishi ya sanamu yake, iliyochimbuliwa Alalakh mwaka 1939, kwamba alikaa miaka 7 kati ya watu hao. Kisha akarudi na kutawala.

Mtu wa Bonde la Ufa akisoma habari ya Idrimi hawezi kukosa kukumbuka jambo la kwao, na hapo ndipo tunapouacha Mto Frati na kuja Mau.

Wamaasai huwaita watu wasio na ng'ombe, wanaoishi kwa wanyama wa mwituni na asali, il-torrobo. Mmoja wao ni ol-torroboni. Ndani ya neno hilo umo umaskini, kwa kuwa katika fikira za mfugaji asiye na ng'ombe ni maskini, hata kama ana mizinga 100 msituni. Misafara ya Waswahili kutoka pwani, iliyokuwa ikipita Naivasha na Baringo katika karne ya 19, ililipokea neno hilo ikalipa vazi la Kiswahili, "Wandorobo", baadaye "Wadorobo". Kutoka kwa misafara wakalipokea Wazungu. Joseph Thomson, aliyepita nchi hii mwaka 1883 na 1884, alilitumia akidhani anataja kabila, na maofisa wa serikali ya kikoloni wakamfuata.

Lakini walioitwa hivyo walikuwa akina nani? Katika misitu ya Mau walikuwa Okiek (au Ogiek, kama wengi wanavyoandika sasa, mmoja wao ni Okiot), wanaosema lugha ya jamii ya Kalenjin. Karibu na Laikipia walikuwa Wayaaku wa Mukogodo, ambao lugha yao ya asili ni ya Kikushi. Katika milima ya Cherangani walikuwa Wasengwer. Kusini, ndani ya Tanzania, walikuwa Waakie na Waasa: wa kwanza lugha yao ni ya Kinailoti, ya pili ilikuwa ya Kikushi. Tena Wamaasai wenyewe, sotoka ilipoangamiza ng'ombe wao karibu na mwaka 1890, wengi wao walikimbilia misituni, wakawinda, wakawa il-torrobo. Walipopata mifugo tena walitoka, na hakuna aliyeendelea kuwaita hivyo. Idrimi na miaka yake 7 angeyafahamu mambo haya bila mkalimani.

Hivyo basi, kama "Habiru", neno "Dorobo" halikutaja lugha wala damu. Lilitaja mahali pa mtu katika mpango wa maisha ambao mfugaji ndiye aliyeuchora. Mwanaanthropolojia Corinne Kratz, katika makala ya 1980, aliuliza kama Okiek ni Wamaasai, au Wakipsigis, au Wakikuyu. Na mtu yeyote aliyekaa miongoni mwao hujua kwamba swali hilo haliwasumbui wao kama linavyowasumbua wenye madaftari. Wao wana jina lao. Wana koo zao, na kila ukoo ulikuwa na sehemu yake ya msitu, kuanzia mabondeni hadi kwenye mianzi, kufuatana na maua ambayo nyuki huyafuata kwa majira. Msitu kwao si nyika isiyo na mwenyewe. Lakini hilo halimo katika neno "Dorobo", wala lisingeweza kuwamo, maana neno lenyewe linataja kinachokosekana.

Majina yaliyotolewa na jirani ni mengi katika sehemu hizi. Wapokot waliitwa Wasuk. Watugen waliitwa Wakamasia. Wakipsigis waliitwa Walumbwa, hata stesheni ya reli ikapewa jina hilo kabla haijaitwa Kipkelion. Dhidi ya majina hayo kuna mfano mmoja wa jina lililotoka ndani, nalo ni "Kalenjin", maana yake "nakuambia". Liliibuka katika miaka ya 1940 kati ya wanafunzi wa Alliance High School na katika matangazo ya redio ya John Chemallan wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ni jina la ajabu: halitaji mto, wala babu, wala umaskini wa mtu, linataja kule kusemezana kwenyewe. Nafikiri wanaisimu hawajalipa heshima linayostahili.

Turudi sasa kwenye swali la asili. Je, ʿibri ni neno lile lile la Habiru? Hapa yatupasa kuwa waangalifu. Alama ya maandishi ya kabari inayosomwa "bi" katika Habiru yaweza kusomwa "pi" pia. Maandishi ya Kimisri na ya Ugarit, ambayo hutofautisha sauti hizo, yanaonyesha kwamba konsonanti ya kwanza ni ʿain na ya pili ni p: neno ni ʿApiru. ʿAin inakubaliana na ʿibri. P haikubaliani na b. Kubadilishana kwa p na b si jambo lisilowezekana katika lugha za Kisemiti, lakini kuwezekana si kuthibitika. Kadhalika maumbo hayako sawa: ʿApiru ni neno la sifa, hali ʿibri lina kiambishi tamati -i, kile kile kinachofanya majina ya watu wa mahali au wa ukoo, kama vile Kiarabu kinavyofanya "Mombasi" kwa mtu wa Mombasa. Oswald Loretz, katika kitabu cha 1984, aliyachambua maneno haya mawili kwa kirefu, na majadiliano hayajafungwa tangu hapo. Wako waliopendekeza kwamba ʿApiru latokana na mzizi wa "vumbi", yaani watu waliojaa vumbi la njia. (Nakuru nayo, kwa maelezo ya kawaida, ni "mahali penye vumbi" kwa Kimaasai. Tunalitaja jambo hili kwa ajili ya furaha tu, halithibitishi chochote.)

Maoni yangu ni haya. Sarufi ya neno ʿibri yaelekea upande wa "ng'ambo", lakini matumizi yake, hasa kwa Yusufu, kwa mtumwa wa Kutoka na kwa watu wale wa Samweli, yana harufu ya ʿApiru isiyofichika. Mfano wa Mau hauwezi kutatua tatizo la p na b, ila waweza kuondoa kipingamizi kimoja kinachotolewa mara kwa mara, yaani kwamba jina la tabaka la watu haliwezi kugeuka kuwa jina la taifa. Laweza, nasi tumeliona likifanya hivyo katika muda wa miaka isiyozidi 150: neno la mfugaji likawa neno la msafara, neno la msafara likawa kichwa cha safu katika daftari la serikali.

Hapana budi kuonya pia juu ya njia nyingine ya kulinganisha, ambayo ilipata kutia fora na bado ina wafuasi. Mwaka 1904 Moritz Merker, ofisa wa jeshi la Kijerumani, alitoa kitabu kikubwa kuhusu Wamaasai, akidai kwamba wao na Waebrania wa kale walikuwa watu wamoja. Hoja yake ilitegemea masimulizi yanayofanana na ya Mwanzo, na desturi chache. Lakini lugha ya Wamaasai ni ya Kinailoti. Msamiati wake wa msingi, sarufi yake na mfumo wake wa toni haviko karibu na Kisemiti. Masimulizi huhama kwa urahisi kuliko viambishi. Aliyetaka kuwaunganisha Bonde la Ufa na Waebrania angeona mengi zaidi kama angewaacha Wamaasai na kuwatazama wale ambao Wamaasai waliwaita maskini, na kama angelinganisha hali badala ya damu.

Kuna tofauti moja kubwa kati ya majina yetu mawili, nayo inahusu mwisho wa safari. "Mwebrania" lilikuja kupokelewa na wenyewe. Katika Biblia lugha yao haiitwi Kiebrania. Huitwa lugha ya Kiyahudi au lugha ya Kanaani. Jina la Kiebrania kwa lugha laonekana kwanza katika dibaji ya tafsiri ya Kiyunani ya kitabu cha Bin Sira, mwishoni mwa karne ya 2 K.K. Paulo alilitumia kwa kujivuna. Katika karne ya 19 huko Ulaya na Marekani "Mwebrania" lilihesabiwa kuwa jina la adabu kuliko "Myahudi". Jina rasmi la Kiingereza la jumuiya ya sinagogi la Nairobi lingali na neno hilo hadi leo. Wazayuni walilipenda kwa sababu nyingine: lilinukia ardhi ya kale na kazi ya mikono, wala halikunuka unyonge wa ugenini. Mwezi wa Machi 1947 Waingereza walileta Gilgil, si mbali na Nakuru, wafungwa wa kisiasa kutoka Palestina waliokuwa wamezuiliwa Eritrea, wakawaweka kambini hadi Julai 1948. Kwa watu hao ʿivri lilikuwa neno la fahari. Kilomita chache upande wa magharibi walikuwako watu wa Mau, ambao neno lao la aina ile ile lilikuwa likiwaletea mambo mengine kabisa.

Maana neno si sauti tupu. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoongozwa na Sir Morris Carter na kuanza kazi mwaka 1932, ilipopendekeza nini kifanywe na "Wadorobo", ilishauri wahamishiwe katika maeneo ya makabila makubwa waliyokaribiana nayo na kumezwa humo. Ushauri huo ulifuata moja kwa moja kutoka katika maana ya neno. Kama Mdorobo ni mtu aliyekosa tu kile ambacho wengine wanacho, basi dawa yake ni kuingizwa kwa wengine. Hana nchi, kwa sababu hana kabila. Laiti Tume ingeanza na neno Okiek, ingelazimika kuuliza swali jingine, yaani Okiek wanamiliki nini na wapi.

Swali hilo liliulizwa baadaye sana. Mwezi wa Oktoba 2009 idara ya misitu iliwapa Ogiek wa Mau ilani ya siku 30 waondoke. Shauri lao lilifika mbele ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, mjini Arusha. Serikali ya Kenya, pamoja na hoja nyingine, ilidai kwamba Ogiek si kabila la pekee bali mchanganyiko wa jamii mbalimbali. Hoja hiyo ni neno "Dorobo" tupu, likiwa limevaa joho la mwanasheria. Katika hukumu ya tarehe 26 Mei 2017 Mahakama iliikataa. Ilisema kwamba Ogiek ni watu wa asili wa Msitu wa Mau, na kwamba kukataa kuwatambua kama kabila la pekee, jinsi makabila mengine yanavyotambuliwa, kulivunja Mkataba wa Afrika. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama hiyo iliamuru walipwe fidia ya shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhara ya moyo, na wapewe hati ya pamoja ya ardhi. Kuhukumu ni jambo moja na kutekeleza ni jingine. Mwezi wa Novemba 2023 nyumba za Ogiek zilikuwa zikibomolewa tena upande wa Narok.

Kwa watunga kamusi na wafasiri wa Kiswahili yapo mambo mawili ya kufanya. La kwanza ni kuyatenga yale majina matatu, Mwisraeli, Myahudi na Mwebrania, ili mwanafunzi aone kwamba kila moja lina msemaji wake na zama zake. Na chini ya "Mwebrania" iongezwe maana ya "mtu wa ng'ambo", ambayo Kiswahili chaweza kuieleza kwa neno moja pale ambapo lugha nyingi huhitaji sentensi nzima. La pili ni "Mdorobo". Neno hili lisifutwe, kwa kuwa limo katika maandishi ya kale na msomaji atalihitaji. Lakini liandikwe wazi kwamba ni jina la kupewa, lenye asili ya Kimaasai, na msomaji aelekezwe kwenye "Ogiek", "Akie", "Sengwer" au "Yaaku", kadiri inavyohusika. Haja hiyo ni kubwa zaidi kwa sababu Kiswahili kina neno jingine, "ndorobo", nalo ni jina la mbung'o. Msomaji asiye na habari ya Kimaasai, akikuta "Wandorobo" katika kitabu cha safari, aweza kuwaza kwamba watu hao waliitwa kwa jina la nzi.

Hata sasa madaftari yenyewe hayajaamua. Katika orodha ya makabila ya sensa ya Kenya ya 2019, Ogiek wamehesabiwa kuwa zaidi ya 52,000. Na katika orodha hiyo hiyo, mstari mwingine, pameandikwa "Dorobo", na hesabu yao mbalimbali.